Kitufe cha kuzima kilichosikia masika tu: kisa cha AND na OR kwenye programu ya PLC

Mazingira

Kisa hiki kinatoka kwenye kituo cha kusukuma maji cha mji mmoja mdogo nchini Tanzania. Jina la mji, la mamlaka inayouhudumia na la mkandarasi nimeyaacha, na mambo machache ya pembeni nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Mantiki ya programu iko kama ilivyokuwa. Majina ya tagi, yaani majina ambayo programu inayapa taarifa zake, nimeyaandika kwa Kiswahili ili msomaji aione hoja moja kwa moja.

Maji hutoka mtoni kwa bomba la mserereko hadi kwenye tangi la zege lililochimbiwa kituoni. Pampu yenye mota ya kilowati 37 huyavuta humo na kuyapandisha hadi tangi la mlimani, na kutoka huko mji unahudumiwa. Tangi la mlimani lina floti mbili, yaani swichi zinazoelea. Ya chini inaposhuka, PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mtambo, inapata taarifa kwamba tangi limepungua na pampu iwake. Ya juu inaponyanyuka, tangi limejaa na pampu isimame. Kati ya floti hizo mbili pampu inaendelea na hali iliyokuwa nayo, kama imewaka inabaki imewaka.

Kwenye tangi la chini zimening'inizwa fimbo za elektrodi za chuma kisichoshika kutu. Rilei ya kiwango, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, hupitisha mkondo mdogo wa AC kati ya fimbo kupitia maji yenyewe. Maji yakigusa fimbo, rilei inavuta na PLC inapata volti 24 kwenye ingizo lake. Maji yakishuka chini ya fimbo, au waya ukikatika, volti hizo zinapotea. Mpangilio huu ni sahihi, kwa sababu hitilafu ya waya inaonekana kwa programu kama ukosefu wa maji, na pampu inapaswa kusimama.

Nasema "inapaswa" kwa sababu kisa chenyewe kinaanzia hapo.

Programu ya zamani na programu mpya

PLC ya awali ilikuwa ya miaka mingi na vipuri vyake vilikuwa vimekwisha sokoni. Programu yake iliandikwa kwa orodha ya maagizo, lugha ambayo kila mstari una agizo moja na jibu linabebwa kutoka mstari hadi mstari. Sehemu ya pampu ilisomeka hivi:

```
LD    Kitufe_Washa
OR    Tangi_Pungufu
OR    Pampu
ANDN  Tangi_Limejaa
AND   Zima_Sawa
AND   Ovalodi_Sawa
AND   Maji_Yapo
ST    Pampu
```

Isome taratibu: LD ni chukua, OR ni au, AND ni na, ANDN ni na isiwe, na ST ya mwisho ni hifadhi jibu. Chukua kitufe cha kuwasha. Au tangi limepungua. Au pampu tayari inazunguka. Jibu lililopatikana mpaka hapo lichujwe: tangi lisiwe limejaa, kitufe cha kuzima kisiwe kimebonyezwa, ovalodi (kinga ya mota dhidi ya mkondo uliozidi) isiwe imekata, na maji yawepo chini. Zima_Sawa, Ovalodi_Sawa na Maji_Yapo zote ni 1 mambo yanapokuwa salama. Sharti moja likitoa 0 katika yale manne ya mwisho, pampu inazimwa hata kama kuna sababu kumi za kuiwasha.

Orodha ya maagizo ilikuwamo katika kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1993, hadi toleo la mwaka 2025 lilipoiondoa. Toleo la tatu la mwaka 2013 liliitangaza kuwa lugha inayoelekea kuachwa, na ndiyo maana wakandarasi wengi wakibadilisha PLC huhamishia programu kwenye lugha ya maandishi ya kiwango hichohicho, ile inayoitwa ST (Structured Text, si agizo ST la hapo juu). Mkandarasi wa hapa alifanya hivyo. Alichukua orodha ya zamani, akaipanga kwa mlalo, neno kwa neno:

```
Pampu := Kitufe_Washa OR Tangi_Pungufu OR Pampu
         AND NOT Tangi_Limejaa AND Zima_Sawa
         AND Ovalodi_Sawa AND Maji_Yapo;
```

Maneno ni yaleyale na mpangilio ni uleule. Programu ya kuandikia PLC iliukubali mstari huo bila onyo lolote, kwa sababu kisarufi hakuna kosa. Lakini ST haisomi kwa kufuata foleni. Ina daraja za viunganishi: NOT hufanyika kwanza, kisha AND, kisha XOR, na OR ndiyo ya mwisho. Kwa hiyo zile AND zote zinaifunga Pampu peke yake, na PLC inauona mstari kama umeandikwa hivi:

```
Pampu := Kitufe_Washa
      OR Tangi_Pungufu
      OR (Pampu AND NOT Tangi_Limejaa AND Zima_Sawa
          AND Ovalodi_Sawa AND Maji_Yapo);
```

Ulinzi wote umebaki ndani ya mabano yasiyoonekana. Kitufe cha kuwasha na floti ya chini viko nje, na kila kimoja kinaweza kuiwasha pampu bila kumuuliza yeyote.

Kilichotokea, kwa mfuatano

Paneli mpya ilikabidhiwa wakati wa masika, mto umejaa. Majaribio yalifanyika mbele ya watu wa mamlaka, na fomu ya makabidhiano inaonyesha alama ya vema kila mahali. Walibonyeza kitufe cha kuwasha, wakakiachia, pampu ikazunguka. Walibonyeza kuzima, ikasimama. Waliwasha tena, wakachomoa waya wa elektrodi, ikasimama. Walibonyeza kitufe cha majaribio kwenye ovalodi, ikasimama. Walinyanyua floti ya juu, ikasimama. Majibu hayo yote yalikuwa ya kweli. Kitufe cha kuwasha kilikuwa kimeshaachiwa na tangi la mlimani lilikuwa na maji, kwa hiyo wakati wa kila jaribio kilichoishikilia pampu kilikuwa tagi ya Pampu yenyewe, na hiyo ndiyo pekee iliyokuwa chini ya ulinzi.

Miezi iliyofuata kituo kilikwenda vizuri. Floti ya chini ikishuka, pampu inawaka, maji yanapanda, baada ya muda mfupi floti inaelea tena na ombi lake linaondoka. Kuanzia hapo ulinzi wote unafanya kazi.

Kiangazi kilibadilisha mambo mawili kwa pamoja. Mto ulipungua, na tangi la chini likawa linakauka mara kwa mara. Papo hapo matumizi ya mji yalipanda, na tangi la mlimani likawa linakaa chini ya floti ya chini kwa saa nyingi mfululizo. Tangi_Pungufu ikabaki 1 mchana kutwa. Mstari wa OR ukashikilia pampu, maji yawepo yasiwepo.

Mwezi wa Septemba sili ya pampu, ile inayozuia maji yasivuje kwenye shafti, iliungua. Nyuso mbili za sili hutegemea utando mwembamba wa maji kuzipoza na kuzilainisha. Zikisuguana kavu, joto linapanda haraka, nyuso zinapasuka na mpira unaungua. Fundi mitambo alifungua, akakuta hali hiyohiyo, akabadilisha. Lawama ilikwenda kwa ubora wa sili. Haikuchukua muda ya pili nayo ikaungua. Safari hii walishuku elektrodi, wakabadilisha fimbo na rilei ya kiwango. Vifaa visivyo na hitilafu viliondolewa na vingine visivyo na hitilafu vikawekwa.

Kulikuwa na dalili nyingine kwenye daftari la zamu, na hakuna aliyeihusisha na sili. Mara kadhaa kiangazi hicho mwendesha pampu aliandika kwamba kitufe cha kuzima hakifanyi kazi, na amelazimika kutumia kitufe chekundu cha dharura. Fundi umeme alibadilisha kontakti za kitufe. Malalamiko yakarudi. Kitufe cha dharura kilifanya kazi siku zote, kwa kuwa kimefungwa kwa waya kwenye njia ya koili ya kontakta, swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye mota, na hakipiti kwenye programu. Ovalodi nayo ilikuwa na kontakti kwenye njia hiyohiyo, na hiyo ndiyo sababu mota haikuungua.

Siku ya kuitazama programu ikiwa kazini

Niliitwa baada ya sili ya pili. Kabla ya kufungua laptopu nilikaa na mwendesha pampu, mzee aliyekuwa kituoni tangu enzi za paneli ya zamani. Nilimwamkia, tukazungumza, nikamuuliza kuhusu kitufe.

"Fundi, hiki kitufe masika kinanisikia. Kiangazi hakinisikii."

"Kiangazi chote, mzee, au siku fulani?"

"Siku ambazo mlimani hakuna maji. Mlimani kukiwa na maji, kinanisikia vizuri tu."

Ukweli ni kwamba mzee alikuwa ameshatoa utambuzi kamili, isipokuwa hakuwa na mstari wa programu wa kuuonyeshea. Kitufe chenye kontakti mbovu hakijui hali ya tangi la mlimani. Ni programu pekee inayojua vyote viwili.

Tuliunganisha laptopu na kuiangalia programu moja kwa moja PLC ikiwa kazini. Tukasubiri tangi la chini lishuke. Taa ya ingizo la elektrodi ikazimika kwenye PLC, na kwenye skrini Maji_Yapo ikageuka 0. Pampu ikabaki 1. Mlio wa pampu ulianza kubadilika, mzee akaenda mwenyewe kubonyeza kile chekundu. Kuanzia hapo hapakuwa na haja ya kushuku fimbo, rilei wala waya: taarifa sahihi iliingia kwenye PLC na uamuzi mbaya ukatoka.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutogusa programu jioni ile. Mji ulihitaji maji, kituoni hapakuwa na nakala ya programu, na faili tuliyopewa ofisini haikulingana na kilichokuwa ndani ya PLC. Tulipakua iliyomo, tukaihifadhi mahali pawili, kisha tukachomoa waya wa floti ya chini kwenye terminali yake. Tangi_Pungufu ikawa 0 daima. Katika hali hiyo mstari uleule mbovu unalinda pampu, mradi kitufe cha kuwasha kibonyezwe na kuachiwa. Mlinzi wa mlimani alipiga simu maji yakipungua, na mzee akawasha kwa mkono. Ilikuwa hatua ya muda, lakini ilitokana na kuielewa kanuni.

Uamuzi wa pili ulihusu namna ya kurekebisha. Fundi kijana wa mamlaka alipendekeza kuongeza mabano tu:

```
Pampu := (Kitufe_Washa OR Tangi_Pungufu OR Pampu)
         AND NOT Tangi_Limejaa AND Zima_Sawa
         AND Ovalodi_Sawa AND Maji_Yapo;
```

Pendekezo hili linarudisha maana ya orodha ya zamani sawasawa. Tulilijaribu kwenye simulesheni, na likafichua matatizo mawili ambayo kosa la mwanzo lilikuwa limeyafunika. La kwanza: tangi la mlimani likiwa limepungua, kitufe cha kuzima kinaisimamisha pampu kwa muda kinapobonyezwa tu. Ukiondoa kidole inawaka tena, kwa sababu ombi la floti bado lipo. La pili: maji yakishuka chini ya fimbo pampu inasimama, uso wa maji unapanda kidogo, fimbo inaguswa, pampu inawaka, maji yanashuka tena. Mota ya kilowati 37 inayowashwa kwa staa-delta (kuwasha kwa hatua mbili ili kupunguza mkondo wa mwanzo) haistahimili kuwashwa kila baada ya dakika chache. Inapata joto, na kontakta zake zinaliwa.

Kwa nini paneli ya zamani haikuwa na matatizo haya, ilhali mantiki yake ilikuwa hiyohiyo? Mzee ndiye aliyejibu. Kitufe cha kuzima cha zamani kilikuwa cha kushika: ukikibonyeza kinabaki ndani mpaka ukizungushe. Na rilei ya zamani ilisoma fimbo mbili za viwango tofauti, wakati mpya iliunganishwa moja tu kati ya hizo, ya pili ikaachwa na kebo yake imekunjwa juu ya tangi. Sehemu ya akili ya mfumo ilikuwa kwenye vifaa. Aliyehamisha programu hakuhamisha hiyo, maana haikuandikwa popote.

Kwa hiyo tuliiunganisha fimbo ya juu (tagi ya Maji_Juu) na kuandika upya, tukiligawa swali moja kuwa maswali madogo:

```
Maji_Tayari := (Maji_Juu OR Maji_Tayari) AND Maji_Yapo;

Zuio   := NOT (Zima_Sawa AND Ovalodi_Sawa)
          OR (Zuio AND NOT Kitufe_Washa);

Ombi   := Kitufe_Washa OR Tangi_Pungufu OR Pampu;

Ruhusa := Maji_Tayari AND (NOT Zuio)
          AND (NOT Tangi_Limejaa);

Pampu  := Ombi AND Ruhusa;
```

Linganisha mistari miwili ya mwanzo. Yote miwili ni ya kumbukumbu, kila mmoja unajishikilia wenyewe. Lakini mabano yamekaa kinyume, na ni kwa makusudi. Maji_Tayari inawekwa na fimbo ya juu na kufutwa na fimbo ya chini, na fimbo ya chini ndiyo yenye neno la mwisho. Waya wake ukikatika, hata fimbo ya juu ikidai kuna maji, jibu ni 0. Zuio linawekwa na kitufe cha kuzima au ovalodi, na linafutwa na kitufe cha kuwasha. Hapa mwenye neno la mwisho ni anayeweka. Mtu akibonyeza kuwasha na kuzima kwa wakati mmoja, zuio linabaki. Umbo la mstari wa Zuio ni lilelile lililounguza sili, kianzishi kikiwa nje ya mabano na kinga ndani. Kwenye pampu umbo hilo ni hatari, kwenye zuio ndilo linalotakiwa. Hakuna umbo zuri au baya lenyewe. Lazima kwanza uamue nani ashinde amri mbili zinapogongana, kisha uandike.

Viwango vya PLC vina bloku mbili zilizo tayari kwa kazi hii, SR na RS. Katika SR anayeweka anashinda, katika RS anayefuta anashinda. Tungeweza kuzitumia. Tuliamua kuandika kwa viunganishi kwa sababu mafundi wa kituo walitaka kuona mabano kwa macho yao, na naona walikuwa na haki.

Ovalodi iliingizwa kwenye Zuio kwa ajili ya usalama wa mtu. Ikikata, fundi ataikuta mota imesimama, ataibonyeza ovalodi kuirudisha, na mikono yake iko karibu na mashine. Pampu isiwake yenyewe wakati huo. Isubiri mtu abonyeze kuwasha. Kwenye rasimu ya kwanza mstari huo uliandikwa `NOT (Zima_Sawa OR Ovalodi_Sawa)`. Kwa sikio unaonekana sawa, "si kuzima au ovalodi", lakini kwa kanuni ya De Morgan maana yake ni kwamba zuio linawekwa pale tu vyote viwili vinapokuwa vibaya kwa pamoja. NOT ikiingia ndani ya mabano hugeuza AND kuwa OR na OR kuwa AND. Kosa hili lilinaswa na jedwali la ukweli, yaani orodha ya hali zote na jibu la kila moja, kabla halijafika kituoni.

Zuio pia lilitangazwa kwa RETAIN ili lisipotee umeme ukikatika. Bila hivyo, mtu anazima pampu kwa kitufe, umeme unakatika na kurudi, PLC inaanza na Zuio likiwa 0, na kama tangi la mlimani limepungua pampu inawaka. Hii haiondoi wajibu wa kufunga swichi kuu kwa kufuli kabla ya kugusa mota.

Uamuzi wa mwisho: kontakti ya rilei ya kiwango, ile ya fimbo ya chini, iliunganishwa pia kwa waya kwenye njia ya koili ya kontakta, pamoja na ovalodi na kitufe cha dharura. Kulikuwa na ubishi kwamba ni kurudia kazi. Hoja iliyoshinda ni kwamba pampu iliyolindwa na programu pekee inategemea kila atakayeifungua programu hiyo siku zijazo.

Uamuzi huo ulileta hitaji jipya. PLC inaweza kuamuru pampu iwake huku waya ukiikataza, na skrini ikaonyesha pampu inazunguka ilhali imesimama. Hapo XOR inafaa kuliko kiunganishi kingine chochote:

```
Tofauti := Pampu XOR Kontakta_Imejibu;
```

Amri na jibu vikilingana, vyote 1 au vyote 0, XOR inatoa 0. Vikitofautiana kwa namna yoyote, inatoa 1. Taima ya sekunde chache inasubiri kontakta ivute, kisha kengele inalia. Mstari mmoja unakamata kontakta isiyovuta na kontakta iliyoganda kwa pamoja.

Matokeo

Majaribio ya safari hii yalifanywa swichi kuu ya mota ikiwa imefungwa kwa kufuli, kontakta pekee zikivuta. Tuliishikilia Tangi_Pungufu kwa waya, kisha tukavunja kila ulinzi kwa zamu, halafu miwili miwili. Baadaye tukarudia yote tukishikilia kitufe cha kuwasha. Mzee aliombwa abonyeze kuzima tangi la mlimani likiwa limepungua, na kontakta ikaachia, ikabaki imeachia.

Kiangazi kilichobaki pampu ilisimama yenyewe mara nyingi kwa kukosa maji na kuwaka tena fimbo ya juu ilipoguswa. Sili haikuungua. Uhaba wa maji wenyewe haukutatuliwa, mji uliendelea kupata maji kwa mgao. Taima ya kengele ya Tofauti iliwekwa fupi mno mwanzoni na ikawa inalia kila pampu ilipowaka, ilirekebishwa.

Uchambuzi

Swali la kwanza ni kwa nini majaribio ya makabidhiano hayakuona kitu. Mstari ule una tagi saba, yaani hali 128 zinazowezekana. Kwa maana iliyokusudiwa, pampu inatakiwa kuwa 1 katika hali 7 tu. Kwa mstari uliokuwa ndani ya PLC, ilikuwa 1 katika hali 97. Tofauti ni hali 90. Ukiziondoa zile ambazo tangi linadai limepungua na limejaa kwa pamoja, bado zinabaki hali 58 ambazo pampu inazunguka wakati haitakiwi. Majaribio ya ulinzi yaliyofanyika yaligusa hali chache kati ya 128, na zote zilitoka upande mmoja: Kitufe_Washa 0, Tangi_Pungufu 0, Pampu 1. Kati ya pande zenye sababu yoyote ya kuiwasha pampu, huo ndio pekee ambao mistari yote miwili inakubaliana katika kila hali. Kosa kubwa kiasi hiki lingeonekana kwa jaribio moja tu la kushikilia kitufe cha kuwasha na kuchomoa elektrodi.

Kwa mfumo mdogo kama huu, jedwali zima la ukweli ni kazi ya dakika chache kwenye laptopu. Kwa mfumo mkubwa haiwezekani kupitia kila hali, lakini inawezekana kuchagua: kila ombi lishikiliwe, na kila ulinzi uvunjwe wakati ombi limeshikiliwa. Fomu nyingi za makabidhiano nilizoziona hupima kila ingizo peke yake. Zinathibitisha nyaya, hazithibitishi mantiki.

Jambo la pili ni tafsiri ya programu kutoka lugha moja hadi nyingine. Claude Shannon alionyesha mwaka 1937, katika tasnifu yake ya uzamili huko MIT, kwamba saketi za rilei zinaweza kuandikwa na kuchambuliwa kwa aljebra ya George Boole. Tangu hapo tunajua kwamba mchoro wa rilei, orodha ya maagizo na mstari wa ST vinaweza kubeba mantiki ileile. Ila kila kimoja kina namna yake ya kuweka mabano. Kwenye mchoro wa rilei, unaoitwa pia mchoro wa ngazi, mabano ni umbo lenyewe: kontakti zilizo sambamba zinakutana kwenye waya mmoja kabla ya kuingia kwenye zile za mfululizo, na jicho linaona. Kwenye orodha mabano ni foleni ya mistari. Kwenye ST hakuna umbo wala foleni, kuna daraja za viunganishi na mabano unayoandika mwenyewe. Aliyenakili maneno bila kunakili umbo alibadilisha programu bila kujua. Ndiyo maana naona mstari wowote wa ST wenye AND na OR pamoja uandikwe kwa mabano hata pale ambapo daraja zingetoa jibu sahihi.

Kilichofanya kazi katika kisa hiki ni mambo ya tangu enzi za paneli za rilei: kitufe cha dharura na ovalodi kwenye waya, na elektrodi iliyounganishwa ili kukatika kwa waya kuonekane kama ukosefu wa maji. Yaliokoa mota na huenda yaliokoa mtu.

Kilichoshindwa kwa muda mrefu zaidi ni mawasiliano. Daftari la zamu lilikuwa na kitufe kisichosikia, karakana ilikuwa na sili zilizoungua, na kila upande ulirekebisha chake. Tagi za Zima_Sawa na Maji_Yapo zilikuwa kwenye mstari mmoja wa programu, ndani ya mabano yaleyale, zikipuuzwa kwa sababu moja. Ulinzi mbili zisizohusiana zikianza kushindwa msimu mmoja, mahali pa kwanza pa kutazama ni pale zinapokutana, na kwenye mtambo wenye PLC pahala hapo ni programu.

Mkandarasi alikuwa ametumia programu hiyohiyo kwenye vituo vingine viwili vya mamlaka. Vyote vilikutwa na mstari uleule bila mabano. Havikuwa vimeunguza sili kwa sababu vinavuta maji ya kisima kirefu ambacho hakijawahi kukauka. Vimesharekebishwa, na fomu ya makabidhiano ya mamlaka sasa ina safu ya ziada inayodai kila ulinzi upimwe ombi la kuwasha likiwa limeshikiliwa.